Somo: Namna ya kuunda kikosi cha dharura cha mtaa, hapa Amu (Lamu)

Assalamu alaykum jamaa. Somo hili wameliomba watu wa Langoni na Shela, lakini hata wa Malindi litawafaa. Maswali yenu nimeyaweka mwisho pamoja na majibu.

Kwanza sababu. Mtetemeko wa ardhi ulipoupiga mji wa Mexico tarehe 19 Septemba 1985, raia wasio na mafunzo walifukua vifusi kwa mikono na kuokoa watu wapatao 800. Lakini inasemekana waokoaji kama 100 walifia humo humo. Wazima moto wa Los Angeles walipoliona hilo wakaanza kuwafundisha wananchi wa kawaida, na tangu 1993 mpango huo ukaenezwa Marekani nzima. Sisi tuna sababu yetu ya ziada: vichochoro vya mtaa wetu wa Mkomani havipitishi gari la zima moto. Punda mwenye mzigo akipita, wewe unajibana ukutani. Kwa hivyo nusu saa ya kwanza ni yetu wenyewe, tupende tusipende.

Hatua ya 1: Tafuta watu wanaolala mtaani

Si watu wa semina. Kuna wenzetu wanaojiandikisha kwa ajili ya posho na fulana, na siku ya moto simu zao hazishikwi. Watu kumi wanaopatikana saa nane za usiku wanakutosha. Chukua mvuvi, mpagazi, fundi wa umeme, na kina mama wasiopungua wawili, kwa sababu wao ndio wanaojua nani kalala kitandani hawezi kuinuka na yumo nyumba gani. Kisha kapige hodi kwa mzee wa mtaa na kwa chifu, ili msije mkadhaniwa genge. Msalaba Mwekundu wa Kenya, ulioundwa kisheria mwaka 1965, nao hupokea watu wa kujitolea; jiungeni, mpate mafunzo ya huduma ya kwanza.

Hatua ya 2: Tembea mtaa, uuchore

Hapa ndipo vikosi vingi vinapofanya uvivu, na ndipo pa maana kuliko pote. Tembeeni mchana, halafu mrudi usiku na tochi, maana mlango uliokuwa wazi adhuhuri utaukuta umefungwa kwa komeo. Andikeni paa za makuti, jiko la mkahawa lenye mitungi ya gesi, swichi kubwa ya umeme iko wapi, visima, na mabirika ya misikiti.

Mkiwa na pampu ya kubeba, msijidanganye kwamba bahari iko pale tu. Bamvua, yaani siku maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na siku hizo kwetu maji hupwa kabisa mwendo wa saa nne asubuhi na saa nne usiku. Ngazi za gati hubaki kavu, mbele yake ni tope, na mpira wa pampu haufiki majini. Basi pimeni siku hiyo hasa, wakati maji yamekupwa, muone mpira unapungua kiasi gani. Ukipungua, andikeni kisima au birika lililo karibu badala ya bahari.

Hatua ya 3: Gawaneni kazi

Moto, majeruhi, kutafuta waliokwama, mawasiliano. Mkubwa awe mmoja. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Hakuna kuingia ndani peke yako, wala kuingia nyumba yenye moshi mzito.

Hatua ya 4: Jifunzeni kupanga majeruhi

Njia iliyobuniwa Newport Beach, California, mwaka 1983 inafundishika kwa mchana mmoja. Piga ukelele: "Anayeweza kutembea aje hapa!" Hao ni kijani, yaani wanaweza kusubiri. Waliobaki, angalia pumzi. Asiyepumua, mfungue njia ya hewa. Asipopumua bado ni mweusi, yaani hana tumaini; akianza ni mwekundu, yaani wa kuhudumiwa kwanza. Anayepumua zaidi ya mara 30 kwa dakika ni mwekundu. Mbane ukucha: rangi ikichelewa kurudi zaidi ya sekunde 2, mwekundu. Mwambie akubane mkono: asipofuata amri, mwekundu. Waliobaki ni njano, wanaofuata baada ya wekundu. Usizidishe dakika moja kwa mtu. Vitambaa vya rangi mfungieni mkononi. Leso kuukuu zinatosha.

Na aliyeungua ni maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno na mayai yabaki jikoni.

Hatua ya 5: Mwito

Kipaza sauti cha msikiti kinafika kuliko simu, lakini kubalianeni mapema na imamu maneno yatakayotangazwa. Polisi ni 999 au 112, Msalaba Mwekundu 1199.

Hatua ya 6: Zoezi

Fanyeni zoezi la moto kabla kaskazi haijashika, na zoezi la vyombo vya baharini kabla ya kusi.

MASWALI

*Kutoka Shela:* Mwalimu, ulisema zamani kwamba moto wa makuti huzuiwa kwa kuyashusha makuti ya jirani upande upepo unakoelekea. Mwenyewe akikataa je?

Usiku wa moto atakataa, na mtagombana juu ya paa. Nendeni kwake leo, mbele ya mzee wa mtaa, mkubaliane pia nani atamsaidia kuezeka upya. Pembo ndefu (miti yenye ndoano) zihifadhiwe mahali panapojulikana. Na anayeshusha asipande paa lililokwisha kushika moto.

*Nahodha wa Pate:* Shekhe, chombo kikipinduka kwenye mlango wa bahari wa Mkanda, tukishamtoa mtu majini twamtundika kichwa chini maji yatoke?

La, nahodha. Hayo yanapoteza wakati. Mlaze chali, ikiwa hapumui, mpe pumzi 5 kwanza, kisha kandamiza kifua mara 30 na pumzi 2, bila kusimama, kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika. Na jaketi okozi zivaliwe kabla ya kung'oa nanga, si kukaliwa.

*Dada wa Langoni:* Nina watoto wadogo, siwezi kukimbilia moto. Nina kazi gani?

Kazi kubwa, dada yangu. Shika daftari la mtaa: nani katoka, nani hajaonekana. Bila daftari hilo vijana wataingia kumtafuta mtu aliyekwenda Mokowe tangu asubuhi.

*Kutoka Malindi:* Kaka, sisi tuna mto Sabaki unaofurika, na watu bado wanalikumbuka wimbi la tsunami la 2004. Ramani yetu ianze wapi?

Anzeni na mahali pa juu na njia za kufika huko kwa miguu. Wimbi lile la 26 Desemba 2004 lilitoka Sumatra na kuchukua saa kadhaa kutufikia. Hata hivyo mtu mmoja alifariki Kenya. Wavuvi wenu wanajua saa za maji. Bahari ikirudi nyuma ghafla wakati usio wake, wasiende kuokota samaki. Wapige mwito na kupanda juu. Kwa mto, muwe na mtu wa juu ya mto wa kuwapigia simu maji yakipanda.

*Mwanachama mpya:* Malipo ni kiasi gani?

Hakuna. Glavu na tochi tutachanga.