Namna ya kusoma panchanga ya Kikannada na kujua siku ya sikukuu na ya kufunga

Anayeolewa Mysuru, mji wa jimbo la Karnataka kusini mwa India, au anayekuja kusoma huku, hachukui muda kabla hajauliza: "Sikukuu ya Ganesha mwaka huu ni tarehe ngapi?" Akijibiwa anaandika kwenye simu, na mwaka unaofuata anauliza tena. Ukikaa nyumba moja na mama mkwe anayefunga Ekadashi zote, yaani mifungo ya mara mbili kwa mwezi, ni afadhali ujifunze kuisoma panchanga, kalenda ya Kihindu, mwenyewe. Siri yake ni kwamba hutafuti tarehe. Unatafuta siku ya mwezi mwandamo, halafu unauliza ilikuwepo saa ngapi.

Hatua ya 1: Pata kalenda ya hapa

Nyumba nyingi zina vitu viwili: kalenda ya ukutani ya kuchana, yenye tarakimu kubwa na maandishi madogo pembeni, na kijitabu chenyewe cha panchanga. Chukua vyote viwili, na angalia panapoandikwa macheo yamepigwa hesabu kwa mji gani, Bengaluru, Mysuru au kwingine.

Kama umezoea Wahindu wa Dar es Salaam au Mombasa, wengi wao Wagujarati, mwaka wao mpya unaingia baada ya Diwali. Wakannada wanauanza na Yugadi, siku ya kwanza ya mwezi wa Chaitra, Machi au Aprili. Mwaka 2025 ilikuwa 30 Machi, na 2026 ni 19 Machi. Siku hiyo mlango unapambwa majani ya mwembe, na asubuhi kila mtu anapewa bevu-bella kiganjani: majani na maua ya mwarobaini yaliyochanganywa na sukari guru, uchungu na utamu kwa pamoja. Usiteme.

Hesabu ya mwaka ni ya Shaka. Baada ya Yugadi toa 78 kwenye mwaka wa kawaida: 2026 ni 1948. Kila mwaka pia una jina katika mzunguko wa majina 60. Ulioanza Machi 2025 ni Vishvavasu, unaofuata ni Parabhava.

Miezi ni Chaitra, Vaishakha, Jyeshtha, Ashadha, Shravana, Bhadrapada, Ashvayuja, Kartika, Margashira, Pushya, Magha na Phalguna. Karnataka mwezi unaisha giza la mwezi, yaani amavasye. Kaskazini ya India mwezi unaisha mwezi mpevu. Ndiyo maana Shivaratri, usiku wa mungu Shiva, hapa iko Magha, na huko kaskazini wanasema ni Phalguna, ingawa usiku ni ule ule mmoja. Ukiona mitandao inabishana kuhusu jina la mwezi, tazama kwanza anayeandika yuko wapi.

Hatua ya 2: Soma tithi

Tithi ni siku ya mwezi mwandamo. Ziko 30: 15 za mwezi unapokua (shukla), ya mwisho ikiwa hunnime, mwezi mpevu; na 15 za mwezi unapopungua (krishna, au bahula), ya mwisho ikiwa amavasye. Tithi moja ni muda ambao mwezi unaliacha jua kwa nyuzi 12. Kwa kuwa mwendo wa mwezi si sawa siku zote, tithi huchukua kati ya saa 19 na 26 hivi, na inaweza kuanza saa yoyote, hata katikati ya chakula cha mchana.

Siku inapewa jina la tithi inayokutwa na macheo. Kuna tithi inayoanza baada ya macheo na kuisha kabla ya macheo yanayofuata, hiyo inarukwa. Na kuna inayokutwa na macheo mawili. Hiyo inahesabiwa siku mbili. Mwaka 2025 sikukuu ya Dasara ya Mysuru ilichukua siku 11 badala ya 10, kuanzia 22 Septemba hadi 2 Oktoba, kwa sababu hiyo hiyo.

Vijitabu vya zamani haviandiki saa bali ghati zilizopita tangu macheo. Ghati moja ni dakika 24. Ukikuta tithi inaisha ghati 12 na nusu, hizo ni saa 5 kamili. Macheo yakiwa saa 12:20 asubuhi, inaisha saa 5:20. Sisi tunaohesabu saa kuanzia asubuhi hapa hatupati taabu kabisa.

Hatua ya 3: Kila sikukuu ina saa yake

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Si kila sikukuu inaangalia macheo. Yugadi inaangalia macheo, sawa. Lakini Ganesha Chaturthi inataka tithi ya nne iwepo adhuhuri, na Rama Navami vilevile. Ibada ya mungu Lakshmi wakati wa Deepavali (Diwali) inataka amavasye iwepo magharibi. Shivaratri inataka tithi ya 14 iwepo usiku wa manane. Sankashti, mfungo wa kila mwezi wa Ganesha, inataka tithi ya nne ya mwezi unaopungua iwepo mwezi unapochomoza. Unafunga mchana kutwa, unauona mwezi, ndipo unakula. Ikiangukia Jumanne inaitwa Angaraka, na mahekalu ya Ganesha yanafurika.

Kwa hiyo kalenda inaweza kukuandikia "Tritiya" kwenye kiboksi cha siku, na siku hiyo hiyo ikawa Ganesha. Haijakosea: tithi ya tatu ilikuwepo asubuhi, ya nne ikaingia kabla ya adhuhuri.

Nyingine zinachanganya mwezi na siku ya wiki. Varamahalakshmi, sikukuu ya Lakshmi, ni Ijumaa iliyo kabla ya mwezi mpevu wa Shravana. 2025 mwezi mpevu ulikuwa Jumamosi 9 Agosti, ikawa Ijumaa ya tarehe 8. Sikukuu ya Sankranti yenyewe haina habari na mwezi kabisa, inafuata jua, ndiyo maana haitoki 14 au 15 Januari. Siku hiyo watoto wanapita nyumba kwa nyumba na ellu-bella: ufuta, sukari guru, karanga na vipande vya nazi kavu.

Hatua ya 4: Ekadashi

Ekadashi ni tithi ya 11, mara mbili kwa mwezi. Hakuna wali siku hiyo. Wengine wanakula matunda na maziwa. Wamadhva, wafuasi wa mwalimu Madhva, wenye msimamo hawanywi hata maji. Usimpikie mtu kabla hujamuuliza yeye anafunga vipi.

Tatizo ni kwamba nyumba mbili za mtaa mmoja zinaweza kufunga siku mbili tofauti. Kwa kawaida Wasmarta, kundi jingine la Wahindu, wanaangalia macheo. Wamadhva, wanaofuata mathi (nyumba za watawa) za mji wa Udupi na nyinginezo, wanaangalia arunodaya, yaani ghati 4 (dakika 96) kabla ya macheo. Ikiwa tithi ya 10 bado ipo wakati huo, kwao Ekadashi imeguswa, na wanafunga kesho yake.

Tupige hesabu ya mfano. Macheo saa 12:20 asubuhi. Panchanga inasema Dashami, tithi ya 10, inaisha saa 11:10 alfajiri. Msmarta anaona Ekadashi imekutwa na macheo, anafunga leo. Mmadhva anatoa dakika 96, anapata saa 10:44 alfajiri, Dashami ilikuwa bado ipo, anafunga kesho. Wote wawili wako sahihi, na usijaribu kuwapatanisha.

Kufungua ni asubuhi ya Dvadashi, tithi ya 12, lakini si kabla ya robo ya kwanza ya tithi hiyo kupita, wala si baada ya tithi kuisha. Mara nyingine Dvadashi inaisha mapema mno, na nyumba nzima inaamka gizani kupika. Angalia saa hiyo jioni, kabla hujalala.

Hatua ya 5: Mwezi wa ziada

Mwaka wa mwezi una siku 354, kama wa Hijria. Ramadhani inarudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka. Yugadi hairudi hivyo, kwa sababu kila baada ya miezi 32 au 33 huongezwa mwezi mzima, adhika masa. Ni mwezi ambao jua haliingii nyota mpya. Mwaka 2023 ulikuwa adhika Shravana; 2026 ni adhika Jyeshtha, kuanzia 17 Mei hadi 15 Juni. Sikukuu zinasubiri mwezi halisi, nija, ndiyo maana Ganesha wa 2025 alikuwa 27 Agosti na wa 2026 ni 14 Septemba. Ekadashi za mwaka zinakuwa 26 badala ya 24. Harusi hazifungwi, ila wakwe wa kiume wanaenziwa: kuna desturi ya kuwapa vitamu 33. Sijasikia mmoja akilalamika.

Hatua ya 6: Ukiwa Afrika Mashariki

Dakika ambayo tithi inaisha ni moja duniani kote. Panchanga ya Bengaluru unaitolea saa 2 na nusu kupata saa ya Nairobi au Dar. Macheo usiyatolee, chukua ya mji wako. Rudi kwenye mfano wetu: Dashami iliyoisha saa 11:10 alfajiri Bengaluru iliisha saa 8:40 usiku Dar, muda mrefu kabla ya arunodaya ya huko. Mmadhva wa Dar anayefuata macheo ya mji wake anafunga leo, ndugu yake wa Udupi anafunga kesho.

Wako wanaofuata siku ya nyumbani India hata wakiwa mbali. Muulize mkubwa wa familia mara moja, kisha andika kwa kalamu juu ya kalenda: macheo ya wapi, Smarta au Madhva. Na kwa watu wa Udupi na Tulunadu, eneo la pwani, ongeza swali la tatu, kwani kuna sikukuu wanazohesabu kwa jua. Siku yao ya kuzaliwa Krishna inaweza kupishana na ya Mysuru kwa wiki kadhaa.