Kabla hujaenda kujifungua, haya yaweke sawa

Vya kawaida unavijua: kadi ya kliniki, khanga safi, pedi, beseni, nauli ya usiku, mtu wa kukusindikiza. Na kunawa mikono, mkumbushe yeyote anayekuja kukushika, hata awe daktari, usione aibu.

Hili la antibayotiki, dawa za kuua bakteria, ndo nataka mnisikilize. Mdogo wangu alijifungua kwa operesheni, mtoto salama, tukashangilia. Siku ya tano homa, anatetemeka, bandeji ikitolewa mshono unatoa usaha na harufu ambayo mpaka leo naijua. Akachomwa seftriaksoni, sindano ya antibayotiki, siku tatu homa haishuki, ndo nesi mmoja akauliza, dada, ukiwa na mimba ulitumia antibayotiki gani? Kumbe kila mkojo ukimuunguza alikuwa anapita duka la dawa, anachukua kapsuli, siku ya pili akipata nafuu anaacha. Kwenye mkoba wake nilikuta pakti mbili zimeliwa nusu, na kwenye kadi hakuna kilichoandikwa. Wakachukua usaha wakaotesha maabara waone ni bakteria gani na dawa gani inamuua, majibu siku tatu, bakteria anaitwa Klebsiella, karatasi imejaa R, yaani dawa hiyo haimuui, S, yaani inamuua, zilikuwa mbili tu. Ikabidi antibayotiki nyingine, meropenem, sindano kila masaa 8, sisi tunazunguka mjini kuitafuta na kichanga kiko kwa bibi yake.

Amepona, namshukuru Mungu. Huyo bakteria anaweza hata kuwa alimpatia wodini, sijui, lakini dawa zikiliwa ovyo ovyo wanaobaki ni wale sugu, na hao wanahama mtu kwa mtu.

Kwa hiyo ukiambiwa una UTI, maambukizi ya njia ya mkojo, na ni mjamzito omba mkojo uoteshwe, na utoe mkojo kabla hujameza kidonge cha kwanza, ukishameza bakteria wanaweza wasiote kabisa ukaambiwa uko safi. Dozi uliyoandikiwa imalize. Kila antibayotiki iandikwe kwenye kadi, ikishindikana piga picha boksi. Doxycycline usimeze kwa kuelekezwa na jirani, inagusa meno na mifupa ya mtoto.

Ukisharudi nyumbani, wiki 6 zote hizo, homa ya nyuzi 38, uchafu unaonuka, tumbo la chini kuuma, moyo kwenda mbio, kuongea vitu havieleweki, usisubiri kukuche. Na zile kapsuli za rangi mbili msizifungue mkamwagia unga kwenye mshono, wala kwenye kitovu cha mtoto, wala mafuta, wala majivu, hata mama mkwe akisisitiza.