Kuigeuza Korveti ya Plastiki Kuwa MV Liemba

Mtu anayetaka kuwa na modeli ya MV Liemba, meli kongwe ya Ziwa Tanganyika, mezani kwake, badala ya kuitazama kutoka gatini tu, anaweza kununua seti ya plastiki ya korveti, yaani manowari ndogo, ya Vita vya Pili vya Dunia, akaikata katikati na kuiunda upya. Kazi hii haidai karakana. Inadai meza imara, mwanga wa kutosha na mkono usio na haraka. Uamuzi mkubwa kuliko yote hufanyika kabla ya kisanduku kufunguliwa, nao ni kuchagua manowari ya kukatwa. Wengi huchagua kwa sura, wakitafuta meli yenye dohani moja na mlingoti mahali panapofanana. Sura hudanganya, kwa kuwa dohani, milingoti na vyumba vya juu vyote vitang'olewa. Kinachobaki ni bodi ya meli, na katika bodi kipimo kisichorekebishika ni upana. Urefu huongezwa kwa kipande kimoja cha kati, lakini upana ukikosewa, mviringo wote wa ubavu kuanzia omo (mbele) hadi tezi (nyuma) hauna budi kuchongwa upya, na hapo ni afadhali kuanza na mbao.

Wajenzi wa meli halisi waliwahi kufanya jambo hili hili. Manowari za Marekani za aina ya Allen M. Sumner zilikuwa na urefu wa mita 114.8. Aina iliyofuata, Gearing, ilitumia bodi ile ile iliyoongezewa futi 14, yaani mita 4.27, katikati, ili ibebe mafuta zaidi na kwenda mbali zaidi. Ndiyo maana dohani mbili za Gearing zimeachana kuliko za Sumner. Kwa skeli ya 1/350, yaani modeli ikiwa ndogo mara 350 kuliko meli halisi, tofauti hiyo ni milimita 12 tu, kwa hiyo mwenye seti ya Sumner anaweza kupata Gearing kwa mkato mmoja, na kwa anayeanza hilo ni zoezi zuri. Liemba inadai zaidi, lakini kanuni haibadiliki.

MV Liemba ina urefu wa takriban mita 71.4 na upana wa mita 10.1. Korveti za Uingereza za aina ya Flower, ambazo zilibuniwa kwa kufuata umbo la meli za kuwinda nyangumi na zikatumika kulinda misafara ya meli za mizigo katika Bahari ya Atlantiki, zilikuwa na urefu wa mita 62.5 na upana wa mita 10.1. Upana umelingana kama kwamba ulipangwa. Kinachopungua ni mita 8.9 za urefu. Kampuni ya Revell imewahi kutoa korveti hii kwa skeli ya 1/72 na ya 1/144. Ya 1/72 ikishaongezwa hukaribia mita moja, na sebule nyingi za Kigoma hazina kabati la kuihifadhi. Kwa skeli ya 1/144 korveti ina sentimita 43.4, upana wake ni sentimita 7, na Liemba inatakiwa kufika sentimita 49.6. Kipande cha kati, basi, kitakuwa cha milimita 62.

Kabla ya kuagiza chochote, amua unaunda meli ya miaka ipi. Liemba iliundwa mwaka 1913 na karakana ya Meyer mjini Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli ya kati hadi Kigoma, ambako iliunganishwa upya na kushushwa majini tarehe 5 Februari 1915 kwa jina la Graf von Goetzen. Ilifungwa mzinga wa milimita 105 uliotoka kwenye manowari Königsberg, iliyoangamia katika delta ya Rufiji. Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe, mitambo yake ikiwa imepakwa grisi. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba. Katika miaka ya 1970 mashine za mvuke ziliondolewa na kuwekwa injini za dizeli. Kila awamu ilibadilisha kitu juu ya sitaha, na picha za awamu mbili zikichanganywa hutoa meli ambayo haijawahi kuwapo. Goetzen ya mwaka 1915 inavutia kwa sababu ya mzinga wake, lakini picha zake ni chache na hazionyeshi pande zote. Maoni yangu ni kwamba mtu wa Kigoma aunde Liemba ya dizeli, kwa sababu hiyo ndiyo anayoweza kuipima kwa macho yake.

Picha ya kupimia ni ile ya ubavu mtupu, iliyopigwa kutoka mbali kwa kuvuta lenzi, mpiga picha akiwa kwenye mashua iliyoelekeana na katikati ya meli. Picha ya karibu iliyopigwa gatini huikuza omo na kuipunguza tezi, hata dirisha la mbele likaonekana pana kuliko la nyuma. Bandarini omba ruhusa kwanza, kwani si kila mahali panaruhusiwa kamera. Ukishapata picha, ipeleke kwenye duka la steshenari ichapishwe kwa ukubwa ambao meli yenyewe, ncha hadi ncha, ina sentimita 49.6. Karatasi ya A3 haitoshi, hivyo gawa picha katika karatasi mbili na uziunge kwa uangalifu. Kuanzia hapo hutahitaji kukokotoa tena: kila mlango, kila dirisha na kila nguzo huhamishwa moja kwa moja kutoka karatasini kwa bikari. Ukitaka kuhakiki, tafuta mtu aliyesimama wima kando ya meli. Mtu mzima wa mita 1.7 anapaswa kuwa na milimita 12 hivi kwenye karatasi. Akizidi sana, picha ilipigwa kutoka karibu mno.

Seti yenyewe, gundi ya kuyeyusha plastiki na karatasi za plastiki za polistairini za unene wa milimita 0.5 na 1 huagizwa pamoja kutoka nje. Vingine hupatikana Mwanga, mjini Kigoma, katika maduka ya vifaa vya ujenzi na vipuri: bleda ya msumeno wa chuma yenye meno madogo, msasa namba 240, 400 na 800, supaglu, puti ya magari na praima ya kupuliza. Polistairini ya ziada unaweza kuipata bure kwenye vikombe vya mtindi na vifuniko vyenye alama ya pembetatu na namba 6. Dondosha tone la gundi juu yake: ikilainika na kunata inafaa, tone likikauka bila kuacha alama, hiyo ni plastiki ya aina nyingine na haitashika kamwe. Gundi ya mabomba ya maji isitumike, kwa kuwa huyeyusha kupita kiasi na kuukunja ukuta mwembamba.

Anza kwa kuitoa sehemu ya chini ya maji. Korveti ina rafadha (pangaboi la kusukuma meli) moja ilhali Liemba ina mbili, na umbo la tezi chini ya maji si moja, kwa hiyo modeli inayoelea juu ya maji ya kuigiza hukuepusha na kazi ambayo hakuna atakayeiona. Funga penseli juu ya kibao kidogo, kitelezeshe juu ya kioo bapa huku penseli ikichora mstari kuzunguka kila nusu ya bodi, kisha kata taratibu chini kidogo ya mstari na umalizie kwa msasa uliolazwa juu ya kioo hicho hicho. Gundisha nusu mbili pamoja. Kabla ya kukata kwa mapana, pachika ndani kuta mbili za plastiki, moja kila upande wa mahali pa kukata, ili bodi isifunguke au kujikunja baada ya mkato.

Mahali pa kukata si pa kukisia. Pima upana wa bodi kila baada ya milimita 5 kwa kalipa (kifaa cha kupimia upana), na utie alama pale unapofikia kilele. Hapo, na hapo tu, ndipo sura za mikato miwili zitakuwa sawa, nawe utaweza kuziunganisha kwa kuta zilizonyooka. Ukikata mbele zaidi, ambako ubavu umeanza kujikunja kuelekea omo, kipande cha kati kitatoka na kigongo ambacho puti haiwezi kukificha. Zungusha utepe wa gundi kama kiongozi, kata kwa mikato mirefu na myepesi ukigeuza bodi mara kwa mara, na usiukandamize msumeno, kwa sababu plastiki ikipata joto huyeyuka na kuubana. Msumeno hula karibu milimita moja. Kwa hiyo urefu wa kipande cha kati upimwe baada ya kukata: weka nusu mbili kwenye kioo, ziachanishe mpaka jumla ifike sentimita 49.6, kisha pima pengo lililopo.

Chora sura ya mkato juu ya plastiki ya milimita 1 na utoe kuta tatu zinazofanana, ukizipunguza kidogo pembeni ili kutoa nafasi ya unene wa ubavu. Zisimamishe juu ya uti wa plastiki unaopita katikati, kisha vika mbavu kwa tabaka mbili za milimita 0.5, tabaka la pili likivuka kiungo cha la kwanza. Gundisha upande wa omo kwanza, uache ukauke usiku kucha, ndipo ulete tezi. Kaza uzi kutoka ncha ya omo hadi katikati ya tezi: ukipita juu ya katikati ya kila ukuta, bodi imenyooka. Puti ipakwe kwa tabaka nyembamba, na kigumishaji kiwe kidogo, maana kikizidi hutoa joto linalopinda ubavu. Tazama kazi kwa kuiinamisha kwenye mwanga wa dirisha. Kidole na jicho hukosea, lakini kivuli kinachovunjika kwenye kiungo hakifichi kitu.

Sitaha ya korveti hupanda sana kuelekea omo, na Liemba imetulia zaidi. Kipande cha kati kilichonyooka kimeshasaidia. Kilichobaki kinyooshwe kwa kupunguza ukingo wa juu mbele kwa kufuata picha. Ncha ya omo ya korveti imeinama mbele, ya Liemba imesimama wima. Usikate juu, utapoteza urefu. Jaza chini: gundisha pembetatu za plastiki kuanzia usawa wa maji mpaka zifike wima chini ya ncha, kisha zichonge zikiwa zimekauka.

Vyumba vya abiria ni masanduku tu ya plastiki ya milimita 1, nayo hayana siri. Madirisha yatobolewe kuta zikiwa bado bapa mezani. Kutoka kwenye seti okoa nanga, winchi, mashua za uokoaji, mabomba ya hewa na nguzo za kufungia kamba. Mizinga na mabomba ya kuzamisha nyambizi weka akiba; mzinga wa korveti ni wa inchi 4, yaani karibu milimita 102, na anayeunda Goetzen anaweza kuufanyia marekebisho uwakilishe ule wa milimita 105. Kreni ya mizigo ya mbele na mlingoti wake hutokana na waya wa shaba wa mota mbovu, ulionyooshwa kwa kuviringishwa kati ya vioo viwili. Kamba hutolewa kwenye fremu za plastiki zilizobaki: pasha kipande juu ya mshumaa mpaka king'ae, kiondoe kwenye moto, kisha ukivute.

Usiweke ribiti, yaani vichwa vya pini zinazounganisha mabamba ya chuma. Ribiti ya milimita 20 kwa skeli hii ni milimita 0.14, na atakayeichora ataifanya ionekane kama chunusi. Bamba la chuma la milimita 10 huwa milimita 0.07, unene wa tabaka mbili tatu za praima. Kwa hiyo funika bamba moja kwa utepe, puliza jirani yake, ng'oa utepe kabla rangi haijakauka, na mwungano utaonekana kwa mwanga wa pembeni tu, jinsi inavyostahili.

Rangi zifuate picha ya miaka uliyochagua. Nyeupe tupu huumiza macho kwenye kitu kidogo, hivyo itie tone la kijivu, na ipulizwe mara nyingi kwa wepesi juu ya praima ya kijivu. Wakati wa masika usipulize mvua inaponyesha, kwa sababu unyevu huifanya rangi ipauke na kuwa na ukungu. Michirizi ya kutu iwe chini ya tundu la nanga na chini ya mifereji ya sitaha, si kwingine. Jina lichapishwe kwenye karatasi nyembamba, lipakwe vanishi pande zote mbili, likatwe na kubandikwa kabla ya vanishi ya mwisho, na reli za pembeni, zenye kimo cha milimita 7, zifungwe baada ya kila kitu kukauka.