Kufundisha Kiindonesia kwa kumfuata kasa

Mwanafunzi wa Kampala akisikia kasa, huenda akamwazia enfudu, yaani kobe wa kichakani. Kwa hiyo kwanza chora wanyama wawili ubaoni: mmoja ana miguu ya kutembelea, mwingine ana mapezi na hawezi kuficha kichwa gambani. Kiindonesia nacho kina majina mawili kama Kiswahili. Andika chini ya picha: Ini kura-kura. Ini penyu. Yaani huyu ni kobe, huyu ni kasa. Tayari wana sentensi mbili kamili, zisizo na "ni" wala ngeli.

Tenga vipindi vitatu vya dakika 40. Andaa beseni la mchanga, maharage 100, bilauri ya maji na kaveera (mfuko wa plastiki) kamoja kanakoangaza. Mchanga unyunyizie maji kidogo, maana mkavu huporomoka shimo likichimbwa.

Matamshi yasahihishe siku ya kwanza, kabla hayajazoeleka. Msomaji wa Kiswahili ana faida kubwa: ny ya penyu ni ile ya nyama, na ng ya belimbing (jina la aina ya kasa) ni ile ya ng'ombe. Herufi c husomwa ch. Tatizo ni e. Katika meja (meza) ni e yetu, lakini katika penyu na telur (yai) humezwa, kama mtu anayetaka kusema "pnyu" na "tlur". Maandishi ya kawaida hayatofautishi e hizo, basi wewe weka alama ubaoni. Wazungumzaji wa Luganda wana kikwazo cha ziada: kwao l ikifuata e hugeuka r, hivyo telur huwa "terur". Tena wengi huongeza vokali mwishoni, laut (bahari) ikawa "lauti". Waambie wafunge neno kwa ulimi, wasimalizie kwa pumzi.

Kipindi cha pili ni cha beseni, na hapa usiharakishe. Mwanafunzi mmoja awe kasa, mkono wake ndio pezi, wengine wataje kila tendo analolifanya:

Penyu naik ke pantai. (Anapanda ufukweni.)
Penyu menggali pasir. (Anachimba mchanga.)
Penyu bertelur. (Anataga.)
Penyu kembali ke laut. (Anarudi baharini.)

Waonyeshe telur ilivyopata ber- ikawa kitenzi, na gali ilivyopata meng-. Kisha mhesabu maharage: satu, dua, tiga, hadi seratus. Kasa wa kijani hutaga takriban mayai 100 kwa mara moja, kwa hiyo hesabu hiyo si ya kubuni. Mayai huhesabiwa kwa neno butir: seratus butir telur. Wanyama huhesabiwa kwa ekor, yaani mkia: dua ekor penyu. Kosa la kawaida ni "dua penyu-penyu". Idadi ikishatajwa, jina halirudiwi. Na si kila neno la kurudiwa ni wingi, kwani kura-kura mmoja ni kura-kura vilevile.

Funikeni mchanga, uulize: Sudah menetas? Jibu ni belum. Hapa Kiswahili kinabeba nusu ya somo: sudah ni yameanguliwa, belum ni hayajaanguliwa. Kuangua huchukua takriban miezi miwili. Joto la mchanga ndilo huamua jinsia, na linafundishika kwa maneno matano: pasir panas, betina, pasir dingin, jantan. Mchanga wa moto huleta majike, wa baridi madume.

Kipindi cha tatu, tumbukiza kaveera katika bilauri na ukazungushe polepole. Kanajikunja na kuelea kama konyeza, mnyama laini wa baharini, ambaye ni chakula cha penyu belimbing, kasa mkubwa kuliko wote. Fundisha Plastik bukan ubur-ubur (plastiki si konyeza). Bukan hukanusha jina, tidak hukanusha kitenzi, na jangan hukataza: Jangan buang plastik ke laut (usitupe plastiki baharini).

Mwisho, majina ya aina. Kati ya aina 7 za kasa duniani, 6 hupatikana Indonesia: hijau, sisik, belimbing, lekang, tempayan na pipih. Hijau ni kijani, rangi ya mafuta yake ya mwilini, wala si ya gamba. Sisik ni magamba. Huyu ndiye ng'amba, aliyewindwa kwa ajili ya gamba lake hadi akawa terancam punah, katika hatari ya kutoweka. Wote hulindwa na sheria za huko: dilindungi. Kiswahili huweka -wa mwishoni, Kiindonesia huweka di- mwanzoni.

Kwa jaribio, mpe kila mmoja nusu ya karatasi ya manila achore kasa mmoja, aandike jina lake, sentensi moja yenye bukan na moja yenye jangan. Atakayechanganya bukan na tidak, mrudishe kwenye bilauri.