Jinsi ya Kutofautisha Istilahi za Kutenda kwa Kivuli cha Mamlaka

Anayesoma sheria za Marekani kuhusu haki za raia hukutana mapema na istilahi ya Kiingereza «color of law» ambayo, ikifasiriwa neno kwa neno, husomeka kama «rangi ya sheria». Tafsiri hiyo inapotosha, kwa kuwa rangi katika lugha ya zamani ya mahakama za Kiingereza ilimaanisha sura ya nje, yaani jambo linaloonekana kuwa na haki ilhali halina. Istilahi ninayoiona kuwa sahihi ni «kwa kivuli cha sheria». Wapo wanaosema «chini ya mwavuli wa sheria», lakini mwavuli huashiria kwamba sheria inamkinga mtendaji kweli, na hapo ndipo kosa la kuelewa linapoanzia.

Swali la kwanza la kujiuliza ni hili: je, mtu huyo alikuwa na mamlaka ya kweli, au alijifanya tu kuwa nayo? Aliyeazima sare na kuingia nyumbani kwa watu akijiita ofisa wa serikali kuu, wala hajawahi kuajiriwa, ametenda kosa la kujifanya mtumishi wa serikali. Sheria ya shirikisho, katika kifungu cha 912 cha juzuu ya 18 ya mkusanyo wa sheria za serikali kuu, inataka yawepo mambo mawili: kwamba alijifanya ofisa, na kwamba alitenda kama ofisa au alidai au kupata fedha, hati au kitu chenye thamani kwa sura hiyo ya uongo. Kivuli cha sheria, kwa kawaida, ni kinyume chake, kwa sababu mwenye kukitumia ana cheo halali, na ubaya wake umo katika namna anavyokitumia cheo hicho.

Kesi ya Screws dhidi ya Marekani, iliyoamuliwa mwaka 1945, ndiyo inayolionyesha jambo hili waziwazi kuliko nyingine ninayoifahamu. Usiku mmoja wa Januari 1943, sherifu, yaani mkuu wa polisi, wa Kaunti ya Baker, Georgia, pamoja na wenzake wawili, walimkamata nyumbani kwake kijana Mweusi aitwaye Robert Hall kwa hati iliyomtuhumu kuiba tairi, wakamfunga pingu, wakamfikisha kwenye uwanja wa mahakama na kumpiga hadi akapoteza fahamu, akafa. Waliposhtakiwa na serikali kuu kwa kumnyima Hall haki zake kwa kivuli cha sheria, walijitetea kwamba sheria ya Georgia haikuwaruhusu kuua, hivyo hawakutenda kwa kivuli chake. Mahakama ya Juu ilikataa hoja hiyo, kwa kuwa hati, pingu na safari ile ya usiku viliwezekana kwa sababu walikuwa maofisa waliokuwa wakitekeleza ukamataji. Hata hivyo hukumu yao ilitenguliwa, kwa sababu baraza la wazee wa mahakama, yaani raia wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia, halikuelekezwa ipasavyo kuhusu nia ya makusudi ya kumnyima mtu haki ya kikatiba, na kesi iliporudiwa wakaachiwa huru. Inaumiza kusoma hivyo, lakini kanuni iliyobaki ni nzito: ofisa anayekiuka sheria bado anaweza kuwa ndani ya kivuli chake.

Swali la pili linahusu uhusiano kati ya tendo na cheo. Polisi aliye mapumzikoni akigombana na jirani kuhusu mpaka wa kiwanja ni raia kama wengine. Lakini akitoa kitambulisho cha kazi, akatangaza kwamba yule jirani yuko chini ya ulinzi na kumfunga pingu, ugomvi umebadilika. Sare peke yake haitoshi kuthibitisha, na kukosa sare hakutoshi kukanusha. Vilevile asiye mwajiriwa wa serikali anaweza kuhusika: katika West dhidi ya Atkins, mwaka 1988, daktari aliyewatibu wafungwa kwa mkataba na jimbo alihesabiwa kuwa alitenda kwa kivuli cha sheria.

Kisha angalia ni mlango gani wa sheria unaobishwa. Kifungu cha 242 cha juzuu ya 18 ni cha jinai, kinaendeshwa na waendesha mashtaka wa serikali kuu na kinawagusa maofisa wa ngazi zote. Kifungu cha 1983 cha juzuu ya 42, chenye asili yake katika sheria ya mwaka 1871, kinamruhusu aliyedhulumiwa kudai fidia mwenyewe, ila kinawalenga wanaotumia mamlaka ya majimbo na serikali za mitaa. Ofisa wa serikali kuu hashtakiwi kwa kifungu hicho anapotumia mamlaka ya serikali kuu.

Fedha zikiingia, istilahi hubadilika tena. Ofisa anayepokea malipo asiyostahili akijua kwamba anapewa ili atumie cheo chake anaweza kushtakiwa kwa kujipatia mali kwa kivuli cha haki ya kiofisi, na uamuzi wa Evans dhidi ya Marekani wa mwaka 1992 ulisema si lazima awe ndiye aliyeanza kuomba.

Usichanganye haya yote na ofisa ambaye uteuzi wake una dosari asiyoijua mtu. Matendo yake mara nyingi huachwa yasimame ili umma usiumie.

Unapoandika malalamiko, basi, usianze na istilahi. Andika alisema nini alipojitambulisha, alionyesha nini, alitoa amri gani, alikuwa zamu au la, na alitumia gari, silaha au hati ya nani. Wakili atachagua jina la kosa kutoka humo.