Breka ya stima ama ya upepo? Soma kabla hujakodi

Breka ni ile mashine ya kuvunja simiti. Nimetumia zote mbili kwa mjengo, na kitu moja nakuambia mapema, usianze na breka, anza na kile kitailisha.

Hatua 1. Pima kazi. Tailisi za bafu na plasta ni breka ndogo ya stima ya kilo 5 hivi. Sakafu ya gereji ya inchi 4, chukua ya kilo 15. Ukiwa gorofani usipandishe mashine nzito, na nguzo na bimu usiguse kabisa.

Hatua 2. Angalia soketi. Breka ya wati 1,500 inabebwa vizuri na plagi yetu ya ampea 13. Shida ni ekstensheni, watu wanachomeka ile ya kuchajia simu inapata moto mpaka inanuka. Tafuta ekstensheni ya waya nene, ya 2.5 mm mraba, na uikunjue yote.

Hatua 3. Sasa upepo. Siku moja nilifunga breka ya upepo kwa kompresa (mashine ya kujaza upepo) ya kupaka gari rangi, tangi lita 50. Ikagonga sekunde chache alafu ikalegea kama kuku amenyeshewa, nikangoja tangi ijae, ikagonga tena, mpaka saa sita nimetoa karai mbili tu za kokoto. Breka kubwa inakula lita 1,000 na zaidi kwa dakika, hiyo kompresa inatoa kama 200. Kwa hivyo unahitaji kompresa kubwa ya dizeli ya kuvutwa na gari, na kwanza upime kama itapita geti. Uzuri wa breka ya upepo haina mota ya kuungua na haiogopi maji, kwa hivyo kompaundi nzima ya simiti ama mtaro wenye maji, hapo sibishani, bora tu uweke oili kwa mpira wake wa upepo asubuhi. Nyumba ya kawaida? Stima.

Hatua 4. Anza pembeni, sentimita 10 kutoka ukingo. Ukizamisha tindo katikati inashikwa na utaitoa kwa nyundo na matusi. Usiegemee, wacha uzito wake ufanye kazi. Mlio ukibadilika ukawa mzito, simiti imepasuka, songa.

Hatua 5. Miwani, maski, kitu ya masikio. Nyunyiza maji kwa vumbi, sio kwa mota.

Na ya kukodi iwashe hapo hapo dukani kabla ulipe. Ukiona cheche nyingi kwa mota, kaboni (vile vipande vinavyopeleka stima kwa mota) zimeisha, kataa, juu ikikufia mkononi mwenye kulipa ni wewe.