Jinsi ya Kukaza Nati za Gurudumu Ipasavyo

Bolti ya gurudumu ikikazwa huvutika kidogo mno, kama springi, na mvutano huo ndio unaoibana rimu kwenye habu, yaani kitovu cha ekseli ambacho gurudumu hufungwa. Ikivutwa pungufu, gurudumu huanza kucheza na matundu ya rimu hulika. Ikivutwa kupita kiasi, chuma hunyooka kisirudi tena au hukatika gari likiwa mwendoni.

Kwanza, safisha. Chukua brashi ya waya usugue uso wa habu na mgongo wa rimu mpaka chuma kionekane, kwa maana hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote. Niliwahi kukaza nati tano kwa nguvu zangu zote juu ya kutu, na jioni yake mbili kati ya hizo nilizizungusha kwa vidole: kutu ilikuwa imesagika ikawa unga mwekundu, na nafasi iliyoachwa ndiyo iliyolegeza kila kitu. Gari hilo lilikuwa limebeba watoto.

Usipake oili wala grisi kwenye hesi (mikato ya mzunguko ya bolti na nati inayoshikana), isipokuwa mtengenezaji ameagiza hivyo. Sehemu kubwa ya nguvu unayotumia huishia katika msuguano, takriban asilimia 10 tu ndiyo huivuta bolti. Kwa hiyo ukipunguza msuguano kwa mafuta, spana ya kupimia mkazo, ile inayolia ikifika kipimo ulichoiwekea, itasoma kipimo kilekile ilhali bolti imevutwa zaidi ya uwezo wake.

Kisha anza kila nati kwa vidole, mizunguko kadhaa. Ikigoma, irudishe nyuma, usiilazimishe kwa mashine ya upepo, kwani ndivyo hesi zinavyokufa. Zikaze kidogo kwa kurukaruka, ukitoka nati moja kwenda ya upande wa pili, ili rimu ikae sawa.

Teremsha jeki mpaka tairi liguse chini, ndipo utumie ile spana ya kupimia mkazo. Magari madogo mengi huhitaji kati ya nyutoni-mita (kipimo cha nguvu ya kuzungusha) 80 na 140, lakini kipimo cha gari lako kimo katika kitabu chake, nacho ndicho cha kufuata. Vuta polepole, na spana ikilia mara moja, acha. Kurudia-rudia mlio ni kuongeza mkazo.

Gari likishatembea kilomita 50 hadi 100, pima tena gurudumu likiwa limepoa. Nati ikizunguka kabla spana haijalia, usiikaze tu ukaondoka: fungua gurudumu, utafute kilichokaa katikati.